Tuta la Nani?

Nilikuwa na miaka minane mwaka 1979, ng'ombe wetu walipotolewa Irangi, nchi yetu Warangi huku Kondoa. Baba alikuwa nao kumi na mmoja. Siku ya kuondoka walitoka alfajiri kabla jua halijawa kali, yeye na wajomba zangu wawili wakiwaswaga kuelekea mashariki, nyika ya Wamasai, ambako baba alikuwa na rafiki aliyekubali kumpokelea. Mama hakutoka nje. Kibuyu chake cha maziwa kilining'inia kwenye msumari miezi mingi, mpaka kikapasuka chenyewe kwa ukavu.

Hatukuwa peke yetu. Serikali iliamua mifugo yote itoke katika eneo la kilomita za mraba 1,256 la vilima vya Kondoa, maana ardhi ilikuwa imefika mahali pabaya. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda takriban 90,000 wakahamishwa. Kazi hiyo ilikuwa chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, na ambao sisi wote tuliujua kwa jina la HADO.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na korongo lenye kuta nyekundu. Ukisimama chini yake, mtu mzima aliye juu ukingoni ulimwona mdogo kama mtoto. Mizizi ya miti ilining'inia hewani, haina cha kushika. Kila msimu wa mvua kipande cha ukingo kilikatika, na mlio wake usiku ulikuwa mzito, kama gunia la mahindi linaloshushwa kwa nguvu kutoka kwenye lori. Asubuhi tulikwenda kuangalia limekula hatua ngapi. Njia yetu ya kwenda shule ilihama mara tatu kabla sijamaliza darasa la saba, na mara zote ni korongo lililoihamisha.

Kwa hiyo nina kumbukumbu mbili za mwaka ule, na sijawahi kuweza kuitupa mojawapo. Ya kwanza ni ya nyumba iliyokosa maziwa na shamba lililokosa samadi. Ya pili ni ya majani. Baada ya misimu miwili majani yalifika magotini kwenye vilima ambavyo mimi nilivijua vikiwa vyekundu tupu. Ndani ya korongo miti ikaanza kuota, kuta zikalegea, zikalala, zikafunikwa. Nikiwa darasa la sita tuliteremka mle ndani kuokota kuni, jambo ambalo mama asingeliruhusu hata kidogo miaka mitatu nyuma yake. Watu wanaponiuliza kama uamuzi ule ulikuwa mzuri au mbaya, nawasimulia yote mawili, kibuyu na majani.

Naandika haya kwa sababu kwa miaka mingi sasa nimekuwa mmoja wa watu wanaojitolea kijijini kwetu kupima matuta, kulinda vyanzo vya maji na kuwashawishi majirani watunze udongo. Vijana wananiuliza tunafanyaje. Jibu la kupima ni fupi. Jibu la majirani ni refu, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Wazee wetu walikuwa na neno moja ambalo ukilitaja mkutanoni uso unabadilika: matuta. Babu yangu alilimishwa matuta kwa amri enzi za Mwingereza, na asiyelima alipigwa faini. Hali hiyo haikuwa ya Kondoa peke yake. Uluguru mwaka 1955 watu walipambana na serikali ya kikoloni kwa ajili ya matuta ya ngazi, na damu ilimwagika. Babu alikuwa akisema kwamba aliyajua matuta tangu zamani, kwamba hakuna Mrangi asiyejua maji yanaiba udongo, lakini aliyekuja kumwamuru alikuja na karatasi na askari, na hakumuuliza hata mara moja maji ya shamba lake yanapita wapi. Nilimsikia akilisema hilo nikiwa binti mdogo, nikadhani ni manung'uniko ya uzee. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa ananifundisha kazi.

Wakati wa HADO matuta yalirudi, safari hii marefu, yamezunguka vilima kwa kontua, yaani kwa kufuata usawa wa mteremko, na kuna mahali mashine zilitumika. Yalifanya kazi. Lakini sisi tuliyaita matuta ya HADO. Sikiliza neno hilo vizuri. Shamba lilikuwa langu, mbaazi zilikuwa zangu, mvua ilikuwa ya Mungu, na tuta lilikuwa la HADO. Ufadhili wa Sweden kwa HADO ulipokoma mwaka 1996, nilikuwa nimeolewa, nina mtoto mmoja mgongoni na mwingine njiani. Kwenye tuta lililo juu ya shamba letu watu walikuwa wamekatiza njia ya kwenda kisimani. Pakabonyea kidogo, kama tandiko la punda. Mvua ya kwanza maji yakapita pale, mvua ya pili yakapanua. Niliruka upenyo ule kila siku na ndoo kichwani, mwaka mzima, na jembe lilikuwa nyumbani. Beleshi ishirini za udongo zingetosha. Sikuzitia, na wenzangu hawakuzitia. Kila mmoja wetu alikuwa anamsubiri mwenyewe aje kutengeneza tuta lake.

Msimu wa tatu upenyo ule ulikuwa mfereji, na chini yake korongo dogo lilikuwa limeanza kuuma shamba la wifi yangu.

Mwaka 2008 mkutano mkuu wa kijiji ulitaka kila kitongoji kitoe watu wa kusimamia mazingira. Mwenyekiti wa kitongoji aliuliza nani yuko tayari, pakawa kimya, kisha mama mmoja akasema, "Huyu aandikwe, huyu haogopi kusema." Mtendaji akaandika jina langu kwenye daftari la kaunta. Tulikuwa wanne. Hakukuwa na mshahara wala posho, na tuliambiwa hivyo waziwazi, jambo ambalo nalishukuru hadi leo kwa sababu hakuna aliyeingia akiwa na matarajio ya uongo.

Bibi shamba alitufundisha siku mbili chini ya mkwaju. Kifaa kikuu ni fremu A, na uzuri wake ni kwamba hakuna kinachonunuliwa. Unatafuta miti miwili iliyonyooka, kila mmoja urefu wa kama mita mbili, unaifunga kileleni kwa mpira wa baiskeli, kisha fimbo ya tatu unaikatiza katikati. Kutoka kileleni unaning'iniza uzi wenye jiwe, kama timazi ya fundi mwashi. Unaisimamisha kwenye mteremko, unangoja jiwe litulie, unaweka alama pale uzi unapogusa fimbo ya kati. Halafu unaigeuza, mguu wa kushoto unakaa palipokuwa pa kulia, unaweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Baada ya hapo unatembea nayo shambani, mguu mmoja mbele ya mwingine, na kila uzi ukigonga alama ya katikati mwenzako anapigilia kigingi. Ukimaliza ukageuka nyuma, unaona vigingi vimepinda na kujikunja kama nyoka, na unaelewa mara moja kwamba shamba ulilodhani unalijua lina mabonde na vifua ambavyo jicho lako halijapata kuviona.

Tulijifunza fanya juu, ambapo unachimba mtaro wa sentimita 60 upana na 60 kina na udongo unautupa upande wa juu, likawa tuta. Maji yakija na udongo, udongo unabaki nyuma ya tuta, na miaka inavyokwenda shamba linaanza kulala lenyewe kama ngazi. Fanya chini udongo unatupwa upande wa chini. Ni nyepesi kuchimba, lakini kupata ngazi kunachelewa. Haya yote niliyashika haraka. Nilikuwa na mkono mwepesi na fremu, wenzangu walinisifia, na mimi nikaamini kwamba kupima ndiyo kazi yenyewe.

Msimu ule ule nilipima tuta langu la kwanza refu. Lilipita kwenye mashamba matatu: langu, la wifi yangu na la kijana mmoja aliyekuwa masomoni Dodoma mjini, ambaye mama yake aliniambia, "Pima tu, mwanangu." Tulichimba wiki tatu, watu tisa, kwa zamu. Lilinyooka kwa usawa mzuri kabisa. Mwisho wake niliuacha mpakani, mahali shamba la kijana linapokutana na shamba la mzee mmoja jirani. Sikumuuliza mzee yule kitu. Niliona tuta halijaingia kwake, kwa hiyo halimhusu.

Mvua za Kondoa ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 600 tu. Mtu wa mbali akisikia hivyo anadhani maji yetu ni machache, hayana madhara. Tatizo ni namna yanavyokuja. Siku tatu baada ya Krismasi ilinyesha mchana, kama saa moja na nusu, mvua ya kuzuia mtu kuona ng'ambo ya uwanja. Mtaro ulijaa. Udongo wetu una mchanga mwingi, ukilowa hauna nguvu. Maji yalitafuta mahali padhaifu, yakapapata pale kwenye kichuguu cha zamani mwisho wa tuta, yakatoka yote kwa mpigo. Maji ambayo bila tuta yangeshuka yametawanyika, mimi nilikuwa nimeyakusanya kutoka mashamba matatu na kuyaelekeza mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa karanga za mzee.

Nilifika kwake jioni bado kunanyunyiza. Palikuwa na mfereji wa kina cha goti katikati ya shamba, karanga zimelala upande mmoja na mizizi nje, na chini kabisa rundo la mchanga wangu. Mzee alikuwa amekaa kwenye jiwe, fimbo mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakanipotea yote. Nikasema, "Babu, nimekukosea." Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, hapo ulipoyatolea maji hayajawahi kupita tangu nimezaliwa. Maji ya kilima hiki yanapita kule." Akanyoosha fimbo upande wa pili, kwenye kibonde chenye majani ambacho mimi nilikipita siku zote nikidhani ni mpaka wa mashamba tu. "Ungeniuliza ningekuambia."

Hakwenda kwa mtendaji. Hakudai fidia. Mume wangu alimpelekea magunia mawili ya karanga baada ya mavuno, akapokea moja. Alichotaka ni kuwepo wakati tunarekebisha. Tukafunga pale kwenye kichuguu kwa mawe na magunia ya mchanga, tukapima upya mwisho wa tuta tukiuinamisha kidogo sana kuelekea kwenye kibonde, na kibonde chenyewe tukakipanda majani mazito ili maji yakifika yapungue kasi. Mzee alikaa kwenye kiti chake kila siku akituelekeza kwa fimbo. Mahali pawili fremu ilisema kitu na yeye akasema kingine, na mvua iliyofuata ilionyesha kwamba mahali pamoja alikuwa sahihi yeye, na pale pa pili ilikuwa sahihi fremu. Nalitaja hilo kwa sababu sipendi hadithi zinazomfanya kila mzee kuwa mtabiri.

Tangu mwaka ule sipimi tuta kabla sijajua maji yatatokea wapi na yatakapotokea ni kwa nani. Naanza na wenye umri mkubwa. Nauliza zamani mto mdogo ulipita upande gani, mafuriko makubwa wanayoyakumbuka yalifika wapi, kichuguu hiki kilikuwepo lini, njia ya ng'ombe ya zamani ilikuwa ipi. Njia za ng'ombe nazitilia maanani sana, maana makorongo mengi kwetu yalianzia kwenye njia hizo. Halafu naenda kwa mwenye shamba la chini, kabla ya mwenye shamba la juu, kwa sababu ndiye atakayepokea. Akikubali yeye, kazi iliyobaki ni jasho tu.

Jambo jingine nililojifunza siku ile ni kutembea kwenye mvua. Watu wananiona nimejifunika nailoni, miguu peku, jembe begani, nazunguka matuta wakati wenzangu wako jikoni, na mwanzoni walimwonea huruma mume wangu. Lakini ukienda kesho yake jua likiwaka utaona madhara, hutaona maji. Kwenye mvua unaona povu linavyozunguka mahali pamoja kabla ya kupenya, unaona maji meupe yanatoka kwa fulani na mekundu yanatoka kwa fulani, na huhitaji kumwambia mwenye maji mekundu kwamba udongo wake unakwenda. Nimekuwa nikiwaita. "Njoo uone tu." Nimepata wachimbaji wengi zaidi kwa nusu saa ya kusimama kwenye mvua kuliko kwa mikutano yote niliyowahi kuhutubia.

Swali la tuta ni la nani, nalo halikuisha. Wanaolima kwa kukodi hawachimbi, na siwalaumu. Mtu amekodi ekari mbili kwa msimu mmoja, aumize mgongo wake mwezi mzima, halafu mwakani mwenye shamba aone limependeza alichukue mwenyewe au apandishe bei? Tulikuwa na dada mmoja, mjane, aliyefanyiwa hivyo mara mbili. Alinijibu kwa upole nilipokwenda kumshawishi: "Dada, mimi nikichimba namchimbia mwenzangu." Nililala na maneno hayo. Tukalipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukakaa na wenye mashamba watatu, na yakaandikwa makubaliano kwenye daftari: anayekodi akichimba matuta, analima misimu minne kwa bei ile ile, na mwenye shamba hamtoi katikati. Si sheria kubwa, ni karatasi yenye sahihi na vidole gumba. Lakini dada yule alichimba, na leo ana majani ya tembo kwenye matuta sita.

Majani hayo ndiyo yamefanya kazi ambayo maneno yangu yasingeweza. Kuelekea mwishoni mwa miaka ya 1980 ilianza kuruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa wa ndani, wanaokatiwa majani bila kuachiwa kuchunga. Mimi nilimpata wangu wa kwanza baadaye sana, mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Ng'ombe wa ndani anakula kuanzia asubuhi mpaka usiku, na wewe ndiwe miguu yake. Ukishapanda majani ya tembo au guatemala juu ya tuta, unalitembelea tuta kila siku na panga, kwa sababu ng'ombe analia. Ukikuta panya amechimba, unaziba. Ukikuta njia imebonyea, unajaza, maana ni majani yako yanayokanyagwa. Asiye na ng'ombe anauza mzigo wa majani kwa mwenye nao. Samadi inarudi shambani. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliwahi kukaa kwenye banda langu akimwangalia yule mtamba, akaomba kibuyu. Nikamwambia siku hizi tunatumia ndoo. Akasema anajua, lakini anataka kibuyu. Nikamtafutia.

Kuanzia mwaka 2018 mkoani Dodoma limeenea neno kisiki hai, na sisi tulilipokea vizuri kwa sababu halihitaji hela. Ardhi inayoonekana tupu mara nyingi ina visiki chini vyenye mizizi mirefu iliyo hai, ya mitundu, migunga na mingineyo, inayochipua kila mvua na kila mwaka inafyekwa au kuliwa na mbuzi. Unachagua kisiki, unabakiza machipukizi machache yenye nguvu, mengine unapogoa, unafunga kitambaa cha rangi kama alama, halafu unalinda. Basi. Mti wenye mizizi tayari unakimbia kuliko mche wowote. Kwenye shamba langu la juu nina miti kumi na minne ya namna hiyo, na majani yake yanaoza palepale juu ya udongo. Kazi ni kulinda, na kulinda maana yake ni kuzungumza na wachungaji, wengi wao watoto. Tuligundua kwamba mtoto aliyefunga kitambaa kwa mkono wake hapitishi mbuzi pale. Kwa hiyo tunawapa wao vitambaa.

Naomba niseme na lililoniuma. Kuna mwaka tuliletewa miche, maelfu, na watu wa mradi mmoja. Ililetwa mwezi wa nne, mvua zikiwa zinaaga. Nilisema pale pale, mbele ya wageni, kwamba miche hii itakufa, tuiweke kitaluni mpaka Desemba. Nikajibiwa kwamba ripoti inatakiwa mwezi huo. Tukapanda, tukapigwa picha, ikahesabiwa. Mwezi wa nane nilizunguka na watoto wangu kumwagilia ile tuliyoweza kuifikia, na tuliyoiokoa unaweza kuihesabu kwa vidole vya mikono. Kilichoniumiza si miche. Ni wale majirani waliochimba mashimo kwa sababu mimi ndiye niliyewaita, na ambao msimu uliofuata nilipopita kwao walinitazama kwa namna ambayo hawakuwahi kunitazama kabla. Ilinichukua miaka miwili kuirudisha imani ile. Tangu hapo siiti watu kwa jambo ambalo mimi mwenyewe silifanyi shambani kwangu msimu huo, hata aniombe nani.

Katika wale wanne tulioandikwa mwaka 2008, nimebaki mimi na kaka mmoja. Mmoja alihama. Mwingine aliacha kwa sababu alipewa kazi ya kuandika majina ya wanaolima kando ya kijito ili wapigwe faini. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na ni sheria nzuri. Bila hiyo vijito vyetu vingekwisha. Ila ukimpa anayejitolea daftari la faini, kesho hapokelewi tena. Watu wakimwona wanaficha jembe. Mimi niliomba mbele ya mkutano kwamba faini ziwe za serikali ya kijiji, na sisi tubaki watu wa kushauri. Lilikubaliwa kwa shida.

Na mimi nilijaribiwa. Binamu yangu alikuwa na bustani ya miwa na mboga kwenye ukingo kabisa wa kijito, na bustani hiyo ndiyo iliyomsomeshea watoto. Kila mvua ukingo ulimeguka, na mchanga wake uliziba pale wanawake wa chini wanapofukua maji. Kumtaja ilikuwa aibu kwa ukoo, na kunyamaza ilikuwa aibu kwa hao wanawake, ambao ni mimi na binti zangu pia. Nilikwenda na shangazi yetu mkubwa, tukakaa kwake kutwa nzima, tukala, na suala lenyewe tuliligusa jua linazama. Hakuhama mwaka ule. Mwaka wa kwanza alipanda migomba na majani kwenye ukingo. Wa pili alirudi hatua kumi. Wa tatu tulimsaidia kuchimba kisima kifupi juu, mbali na kijito, na mboga zikamfuata huko. Kuna waliosema nilimpendelea kwa kuwa ni ndugu. Sina jibu la kuwaridhisha. Ninachojua ni kwamba ukingo ule leo umesimama.

Mto wetu ni wa mchanga. Kiangazi juu pakavu, maji yako chini. Miaka ya shida nilikuwa nafukua mpaka naingia ndani ya shimo nzima, na mtoto ananishushia kata. Septemba iliyopita nilifukua nimepiga magoti ukingoni, mkono ukaishia kwenye kiwiko nikayagusa maji. Siwezi kuapa kwamba ni matuta peke yake, maana mvua ya mwaka jana ilikuwa njema. Lakini nimekuwa nikipima kwa mkono huu huu kwa miaka mingi.

Novemba iliyopita, kabla mvua haijaanza, mjukuu wa yule mzee wa karanga alikuja na fremu aliyoitengeneza mwenyewe. Mzee ametangulia mbele ya haki, shamba sasa ni la kijana. Alitaka kupima tuta jipya juu ya lile la zamani. Nikamwangalia anavyolinganisha, jiwe likiyumba kisha likitulia, na mkono wake ni mzuri kuliko ulivyokuwa wangu. Hakupigilia kigingi hata kimoja. Aliilaza fremu chini, akasema, "Shangazi, kwanza twende kwa yule aliyenunua pale chini, maana yeye ni mgeni, hajui hiki kibonde ni cha nini."

Tukaenda. Mke wake akatuambia bwana yuko mnadani, atarudi jioni. Akatutolea viti na maji ya kunywa, tukakaa kumsubiri.